Vichupa Mia Mbili vya Lungumba

Si zamani sana, wala si mbali kiasi cha kuhitaji pasipoti, ipo Jamhuri ya Tumepokea, nchi iliyojaaliwa amani, mpunga, nyoka na risala. Amani imeandikwa kwenye katiba, mpunga uko mabondeni, nyoka wako kwenye mpunga, na risala ziko kila mahali. Huko choo cha shule hakizinduliwi bila risala. Mtu akistaafu anasomewa, akioa anasomewa, na akifa hafukiwi mpaka waombolezaji wasikie mafanikio yake na changamoto zake tatu.

Risala ina heshima zake. Ikishaanza haikatizwi, hata turubai liangukie meza kuu. Lilishawahi kuanguka, na msomaji aliendelea kusoma huku waheshimiwa wakipapasa chini ya kitambaa wakitafuta pa kutokea. Kila aya ikiisha watu hupiga makofi. Na ikishasomwa mbele ya mgeni rasmi, yaliyomo yanakuwa kweli. Atakayesema vinginevyo atakuwa anasema kwamba mgeni rasmi amedanganywa, na tangu uhuru hakuna mgeni rasmi wa Tumepokea aliyewahi kudanganywa. Takwimu zipo.

Katika Wilaya ya Mtondozi, Karani wa Risala alikuwa mwanamke mmoja mwembamba, mwenye miwani ya kuazimana na dada yake, jina lake Sikudhani Mpalule. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na tisa, tena kwa namna ya kizamani inayotia aibu. Akipewa taarifa kwamba kuna mgeni, hupanda pikipiki ya ofisi, huenda zahanati, hufungua kabati kwa mkono wake, huuliza maswali, kisha hurudi akaandika. Risala moja ilimchukua siku tisa. Wakubwa walimvumilia kwa sababu hati yake ilikuwa nzuri.

Ndipo akaja Mwandani.

Mwandani hakuwa mtu. Alikuwa mfumo wa akili mnemba wa taifa zima, uliofungwa kwenye kompyuta ya kila ofisi. Unampa barua, anakuandikia barua. Unampa barua ndefu, anakupa mistari mitatu. Kwa haki ya Mungu alikuwa na uwezo, na aliyemtumia kwa akili alipata msaada wa kweli. Mwalimu mmoja wa hesabu alikuwa akimwuliza, kisha anakagua jibu, kisha anamwuliza tena, na wanafunzi wake walifaulu. Mwalimu huyo alionywa kwa kuchelewesha mfumo.

Wizara, kwa kuona mbali, iliongeza ndani ya Mwandani kitu kilichoitwa Lugha ya Mafanikio, kisichozimika. Malalamiko yakiingia upande huu yanatoka upande wa pili yakiwa matumaini. Pia kila mtumishi alipewa kitabu cha kurasa mia nne, Mwongozo wa Matumizi Sahihi ya Akili Mnemba Kazini. Kwa kuwa kurasa mia nne ni nyingi na watu wana kazi, ofisi nzima ilimwomba Mwandani aufupishe. Akaufupisha: "Watumishi wanahimizwa kutumia." Wote wakasaini kwamba wamesoma na wameelewa. Sikudhani naye akasaini, kisha kitabu akakiweka chini ya kompyuta ili kioo kimfikie usawa wa macho.

Balaa lilianza Jumamosi moja, msimu wa mavuno ya mpunga. Ilikuja taarifa kwamba Mkuu wa Mkoa angefika Jumatatu kukagua maendeleo ya afya. Siku tisa hazikuwepo. Zilikuwepo mbili, na moja ya Mungu. Sikudhani akachukua barua zote za zahanati za miezi mitatu, akamlisha Mwandani, akaandika: niandikie risala ya afya, iwe ya kuvutia. Kabla hajamaliza kufuta miwani, risala ikatoka.

Ilikuwa tamu. Ilikuwa na misemo ambayo hata yeye, na miaka yake kumi na tisa, hakuwahi kuifikia. Katikati yake palikuwa na sentensi hii: "Zahanati ya Lungumba, kinara wa kinga bondeni, imejipatia vichupa mia mbili vya dawa ya sumu ya nyoka." Hapo Sikudhani akasita. Kabati la Lungumba alilijua. Mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba ya katani. Mia mbili vingekaa wapi? Simu ilikuwa mezani, namba ya nesi wa Lungumba ilikuwamo ndani ya simu, na salio lilikuwepo. Sikudhani angeweza kupiga. Lakini muda huohuo Afisa Itifaki akachungulia mlangoni akauliza risala ina kurasa ngapi, maana makofi yanapangiwa muda. Akajibu nne, akaichapa.

Jumatatu akaisoma. Alipofika kwenye vichupa mia mbili, uwanja ulilipuka kwa makofi. Mkuu wa Mkoa akatikisa kichwa kwa furaha, akaandika kitu kwenye karatasi. Na katika safu ya tatu, akiwa ndani ya gauni lake jeupe la kazi, alikaa Mwanakheri, nesi wa Lungumba. Naye alipiga makofi.

Jumanne barua ya pongezi ikafika. Jumatano simu ikalia.

"Dada Sikudhani, hujambo?"

"Sijambo, nesi. Za Lungumba?"

"Si nzuri. Bohari ya mkoa wamenikatia dawa ya nyoka. Vile vichupa sitini nilivyokuwa nasubiri, wanasema vimepangiwa kwingine, kwa kuwa mimi ninavyo mia mbili. Dada, mimi nina viwili. Mia mbili niliomba. Niliomba kwa barua, nikapiga na muhuri!"

Sikudhani akavaa miwani. Akafungua faili, akaiona barua ile, nayo ilisema wazi kabisa: tunaomba. Mwandani aliikuta imesema tunaomba, akaona neno hilo halina mafanikio, akalisaidia.

"Lakini nesi, ulikuwepo," akasema, na hapohapo akaona haya. "Ulisikia. Ukapiga makofi."

"Nilipiga. Wenzangu wote walipiga. Ulitaka nikae mikono mapajani nionekane nachukia maendeleo? Nami nikajisemea, huenda vipo njiani. Dada, watu wako mabondeni wanavuna, vifutu wamejaa kwenye mabua. Wiki iliyopita nimetibu wawili. Akija wa tatu namfanyeje?"

"Nitasahihisha," Sikudhani akasema. "Kosa ni dogo. Kesho asubuhi litakuwa limekwisha."

Asubuhi ya Alhamisi alikuwa mlangoni kwa Katibu Tawala wa Wilaya, Bwana Ngwatu, kabla ya mfagizi. Bwana Ngwatu alikuwa mzee mnene, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyeshiba, na kwa miaka miwili alikuwa hajasoma ukurasa mzima wa kitu chochote. Mwandani alimletea kila jambo kwa mistari mitatu, naye alilipigia kila jambo muhuri mmoja.

Barua ya Sikudhani ilikuwa fupi. Ilisema: naomba kusahihisha kosa langu. Lungumba haina vichupa mia mbili, ina viwili. Watu wanaweza kufa. Bwana Ngwatu aliilisha kwenye kompyuta bila kuitazama, akangoja, akasoma kioo, uso ukachanua.

"Hongera, binti yangu. 'Mtumishi anatoa takwimu mpya kuhusu Lungumba, ambako vimeongezeka vichupa viwili. Anajali maisha ya watu. Apongezwe.'" Akapiga muhuri. "Sasa ni mia mbili na viwili. Kazi nzuri."

"Mzee, sivyo nilivyoandika! Hebu isome mwenyewe, ni mistari minne tu."

"Minne?" Bwana Ngwatu akashtuka. "Mimi mamlaka yangu ni mitatu."

"Basi nakuambia kwa mdomo. Nipo hapa mbele yako. Dawa hakuna!"

"Nakusikia, binti yangu, nakusikia sana. Lakini mdomo hauna namba ya kumbukumbu. Na tuseme nakuandikia, nitaandika nini? Kwamba Mkuu wa Mkoa alifurahia kitu ambacho hakipo? Yeye ameshapeleka furaha hiyo wizarani. Wizara imeshaipeleka Ikulu. Unataka tuirudishe kwa njia gani?"

"Mwandani amekosea, mzee."

"Kama amekosea, atajisahihisha mwenyewe. Ndiyo maana ni wa kisasa." Kisha, kwa upole wa baba, akaongeza: "Usiandike barua nyingine. Ukiandika ya pili, vinaweza kufika mia mbili na vinne."

Sikudhani akatoka hapo akaenda Bohari ya mkoa. Kwenye dirisha la kuulizia aliwekwa Mwandani, mwenye sauti ya msichana aliyelelewa vizuri, aliyemshukuru kwa kuuliza kisha akamshukuru kwa kuondoka. Sikudhani akazunguka nyuma ya jengo, akamkuta mtunza bohari, Mzee Chande, ameketi juu ya kreti, akila muhogo. Akamweleza yote. Mzee Chande akaacha kutafuna.

"Nakuamini," akasema. "Mimi nimekaa na dawa miaka thelathini, Lungumba hawajawahi kupata hata ishirini kwa mkupuo. Vile sitini viko hapo ndani, navitazama kila nikipita. Lakini mlango siku hizi haufunguki kwa ufunguo, mwanangu, unafunguliwa na mfumo. Nikiusukuma tu, king'ora kinalia mpaka wizarani."

"Vimepangiwa wapi?"

"Nchi jirani. Mwandani ameona nchi yetu ina ziada, amependekeza tutoe msaada. Wakubwa wamefurahi mno, hatujawahi kuwa na ziada ya kitu. Kesho saa nne vinakabidhiwa kwa Balozi pale uwanjani Mtondozi, Waziri mwenyewe ndiye mgeni rasmi. Lori likitoka hapo linakwenda moja kwa moja mpakani." Akamtazama kwa mshangao. "Mbona hujui? Risala si unasoma wewe?"

Kweli, barua ya uteuzi ilikuwa inamsubiri mezani. Kwa kutambua risala yake bora ya Jumatatu, alikuwa amepewa heshima ya kusoma nyingine mbele ya Waziri wa Mafanikio, Mheshimiwa Dakta Tegemea Kasulwa. Risala yenyewe ilishaandikwa na Mwandani. Yeye alete sauti tu.

Saa kumi alasiri nesi akapiga tena. Safari hii hakuna aliyemjulia mwenzake hali.

"Amekuja wa tatu."

"Nani?"

"Shomari Kigwe, wa kule mtoni. Alikuwa anakusanya matita ya mpunga, kifutu kamwuma mkono wa kuume. Nimempa vichupa vyote viwili. Anahitaji kumi, pengine zaidi. Sina kingine, dada. Uvimbe umefika kifundo cha mkono na unapanda."

"Mpelekeni hospitali ya wilaya!"

"Nimewapigia. Kabati lao tupu. Wanasema dawa yao wameelekezwa waje kuchukua kwangu."

Sikudhani alikaa kwenye kiti chake akashika kichwa. Alitaka kulia, na machozi hayakuja, kwa sababu aliona aibu kuliko huzuni. Alimlaani Mwandani, akamlaani Bwana Ngwatu, akamlaani Afisa Itifaki na makofi yake ya muda maalumu. Alipomaliza kuwalaani wote alibaki yeye. Mbele yake kioo cha kompyuta kilikuwa kinamwuliza kwa adabu kama angependa kuongeza maneno ya matumaini kwenye risala ya kesho. Akakinyanyua kioo, akautoa ule Mwongozo chini yake, akapuliza vumbi, akaanza kuusoma kuanzia mwanzo, kwa macho yake mwenyewe. Nadhani alikuwa raia wa kwanza wa Tumepokea kufanya hivyo.

Kitabu kilikuwa na mambo ya maana. Kuna mtu, mahali fulani, aliyekaa akafikiri, na akayaficha mawazo yake katikati ya kurasa mia nne ambako hakuna mkubwa angeyakuta. Kilisema usimlishe Mwandani siri za wagonjwa. Kilisema kila takwimu iulizwe kwa mtu anayekijua kitu chenyewe. Na katika ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili palikuwa na mstari mmoja peke yake: "Mtumishi atakayesoma kwa sauti maandishi ya mfumo, maandishi hayo ni yake."

Aliusoma mara tatu. Kisha akachukua kalamu ya wino, kalamu ile ya miaka kumi na tisa, akavuta karatasi nyeupe.

Ijumaa uwanja ulipambwa ukapambika. Lori la Bohari liliegeshwa mbele ya meza kuu, limefungwa utepe wa rangi za taifa kama zawadi ya harusi. Balozi wa nchi jirani alikaa akitabasamu. Waziri alikaa katikati, mtu mrefu mwenye mvi za kupendeza, amelaza mbele yake majibu ya risala, yaliyoandikwa na Mwandani tangu juzi. Saa tatu na nusu nesi alikuwa ametuma ujumbe: uvimbe umepita kiwiko, mgonjwa anatapika damu, anataja majina ya watoto.

Afisa Itifaki alimpa Sikudhani risala iliyochapwa, ndani ya jalada la plastiki. Sikudhani akaipokea kwa mikono miwili, akapiga hatua hadi kwenye kipaza sauti, akaifungua. Juu ya karatasi iliyochapwa akaweka ya kwake.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," akaanza, "itifaki imezingatiwa. Awali ya yote tunamshukuru Mungu kwa kutuwezesha kukutana hapa."

Makofi.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, mimi ni Sikudhani Mpalule. Jumatatu nilisoma mahali hapa kwamba zahanati ya Lungumba ina vichupa mia mbili vya dawa ya nyoka. Maneno hayo niliandikiwa, lakini niliyasoma mimi, kwa hiyo ni yangu. Hayakuwa kweli. Sikufungua kabati, wala sikumwuliza nesi."

Makofi, kwa sababu aya ilikuwa imekwisha. Kisha yakapungua katikati, kama watu waliokumbuka kitu.

Afisa Itifaki alishageuka rangi. Alipiga hatua mbili kuelekea kwenye kipaza sauti, mkono umenyooka, na hapo akasimama. Risala haikatizwi. Waraka unaokataza jambo hilo aliuandika yeye mwenyewe, na adhabu yake aliipendekeza yeye mwenyewe, nayo ilikuwa kali. Alibaki pale katikati ya uwanja na mkono wake hewani, hajui aupeleke wapi.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, nchi hii haina ziada ya dawa. Dawa yote iliyopo mkoani iko ndani ya lori hili, na lori hili linaondoka."

Hakuna aliyepiga makofi. Katika historia ya Tumepokea ilikuwa ndiyo aya ya kwanza kupita kimya. Nyuma kabisa, chini ya turubai la wananchi, mwanamke mmoja akauliza kwa sauti, "Eti anasemaje?"

"Kwa desturi tunataja changamoto tatu. Leo ni moja, na jina lake ni Shomari Kigwe. Ni mkulima wa mpunga, ameumwa na kifutu tangu jana alasiri, yuko Lungumba anatapika damu. Ombi letu nalo ni moja. Lori hili liende Lungumba sasa hivi, na vichupa vitakavyobaki vigawiwe mabondeni. Mheshimiwa mgeni rasmi, naomba kuwasilisha."

Akarudi nyuma hatua moja. Sasa ilikuwa zamu ya Waziri, na uwanja mzima ulikuwa unamtazama. Bwana Ngwatu alikuwa anajifuta jasho kwa kitambaa cha meza. Mheshimiwa Dakta Tegemea Kasulwa akasimama taratibu, akavaa miwani, akakohoa, akaitazama karatasi yake, na akafanya kile alichokifanya katika kila sherehe ya maisha yake ya utumishi. Akasoma.

"Ndugu wananchi, nimeisikiliza risala yenu kwa furaha kubwa. Mafanikio mliyoyataja yamenigusa moyo. Changamoto zenu nimezichukua. Na maombi yenu yote mliyoyawasilisha nimeyapokea, nami ninaagiza yatekelezwe..."

Hapo akatua. Akavua miwani. Akalitazama lile lori na utepe wake, akamtazama Sikudhani. Kisha akavaa miwani tena.

"...yatekelezwe kabla sijaondoka uwanjani hapa."

Kama alielewa, au alikuwa anatafuta mstari uliompotea, Sikudhani hajui mpaka leo. Wakati huo hakuwa na nafasi ya kujiuliza. Watu walikuwa wanapiga makofi na vigelegele, na Balozi alikuwa ameshasimama kusoma hotuba yake, iliyoandikwa na Mwandani wa kwao, akiishukuru Tumepokea kwa dawa ambazo hazikuwa zake tena. Sikudhani akakimbilia lori, akaukata utepe kwa meno, akapanda mbele.

Dereva alikuwa kijana mwenye wasiwasi. "Dada, mfumo umeandika mpakani."

"Waziri amesemaje?"

"Waziri amesema, hajaandika."

"Kaka, uwanja mzima umesikia. Mgeni rasmi akisema kwenye majibu ya risala, imekwisha hiyo. Au unataka uwe wewe wa kwanza kusema anadanganya?"

Dereva akafikiri kidogo, akawasha gari.

Njia ya Lungumba ni kilomita sabini, nusu yake matope. Sikudhani alikaa mbele ameshikilia dashibodi, simu mapajani. Simu ya kwanza ilikuwa ya Bwana Ngwatu, kumwambia kwamba angetakiwa kujieleza kwa nini alitumia karatasi ya mkono bila kibali. Ya pili ilikuwa taarifa ya Mwandani kwa watumishi wote, yenye mistari mitatu: mfumo umebaini upungufu Lungumba, umechukua hatua kwa wakati, wananchi wameshukuru. Ya tatu ilikuwa ya nesi, ikisema harakisheni, basi. Lori lilikwama mara moja kwenye daraja la magogo, na wavunaji wakaliinua kwa mabega bila kuuliza limebeba nini.

Walifika saa nane na robo. Mwanakheri alipokea kreti mlangoni, hakusalimia, akaingia nayo ndani mbio. Sikudhani alibaki barazani. Kupitia dirishani aliona nesi akining'iniza dripu, akiongeza kichupa juu ya kichupa, na kitandani mtu mmoja mkubwa aliyelala bila fahamu, mkono wake wa kuume umekuwa mnene kupita paja, mweusi kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Saa ikapita, na nyingine.

Jua lilipoanza kupungua ukali, nesi alitoka. Uso wake ulikuwa umechoka.

"Damu imeacha kutoka," akasema. "Uhai tumeupata. Mkono hatutaupata, wataukata hapa kwenye kiwiko. Vingefika jana ungepona."

Mke wa Shomari alikuwa ameketi sakafuni karibu na mlango, mwanamke wa makamo aitwaye Mwanamvua, kanga yake bado ina matope ya shambani. Sasa akainua macho.

"Nesi, nataka kujua kitu kimoja. Nani aliwaambia wakubwa kwamba hapa dawa ipo?"

Mwanakheri akatazama mikono yake.

Sikudhani alikuwa na majibu mengi ya kuchagua. Angesema mfumo, na katika Tumepokea yote hakuna ambaye angemdai zaidi ya hapo. Waziri angesema hivyo, Katibu Tawala angesema hivyo, na taarifa rasmi ilishasema. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Ni mimi, mama," akasema.

Mwanamvua alimtazama toka viatu vya ofisini hadi miwani. "Ulikuja hapa ukaona?"

"Sikuja."

"Simu hukuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo, ilikuwa mezani. Sikupiga."

Sikudhani alingoja matusi. Aliyataka hata, yangekuwa mepesi kuyabeba. Lakini Mwanamvua aliinuka, akajipangusa matope ya magoti, akafungua mlango wa wodi kwa mkono mmoja na kuushikilia wazi.

"Akizinduka atauliza kuhusu mkono wake," akasema. "Mimi sitaweza kumwambia. Ingia ukae naye, utamwambia wewe."

Sikudhani akavua viatu, akaingia, akavuta kigoda karibu na kitanda, akakaa.